Tabari hakusema, Tabari kapokea: tujifunze kumsoma kabla ya kumnukuu

Wakuu, salaam.

Uzi huu nimekuwa nao moyoni muda mrefu, na jambo la wiki iliyopita ndilo limenikalisha niuandike. Kwenye kundi moja la mijadala ambalo nami nimo, ndugu wawili wanaoheshimiana walifika mahali pa kutupiana maneno mazito. Mmoja alituma picha ya ukurasa wa Tarikh, kitabu cha historia cha Tabari, chini yake kaandika: "Tabari kasema mwanamume wa kwanza kusilimu ni Sayyidna Ali. Tumemaliza." Haikupita nusu saa mwenzake naye akatuma picha, kitabu kilekile: "Tabari kasema ni Sayyidna Abubakar. Soma vizuri." Watu wakagawanyika, matusi yakaingia, msimamizi akalifunga kundi mpaka asubuhi.

Usiku ule nikateremsha juzuu kutoka kabatini. Picha zote mbili ni za kweli, hakuna aliyeghushi. Zimetoka katika mlango mmoja, zimeachana kurasa chache tu. Ukisogea mbele kidogo unakuta fungu jingine la riwaya, yaani habari zilizopokewa, linalosema ni Zayd bin Haritha, yule aliyeachwa huru na Mtume (S.A.W.).

Sasa Tabari kasema nani? Hajasema. Kapokea, kapanga, kataja majina ya waliompa habari, akasonga mbele. Ndugu zetu wale hawakudanganyana maneno ya kitabu, lakini wote wawili wamemsingizia mwenye kitabu. Hili linaniuma, kwa sababu mtu huyu aliyafanya makusudi kabisa yale tunayomvurugia.

Kwa wasiomfahamu: ni Abu Jaafar Muhammad bin Jarir, mzaliwa wa Amul katika nchi ya Tabaristan, kusini mwa Bahari ya Kaspi. Kazaliwa mwaka 839, kafariki Baghdad mwaka 923. Mwenyewe alisimulia kwamba alihifadhi Qurani akiwa na miaka 7, akasalisha watu akiwa na 8, na kufikia 9 alikuwa anaandika hadithi. Mzee wake alikuwa na shamba, na pato la shamba hilo ndilo lililompeleka Rayy, Baghdad, Basra, Kufa, Sham na Misri kutafuta elimu. Baghdad alifika akitamani kusoma kwa Ahmad bin Hanbal, akakuta imam huyo ametoka tu kufariki, mwaka 855.

Tarikh yake inaanzia kuumbwa kwa ulimwengu na kuishia mwaka 302 wa Hijria, yaani 915. Kuanzia Hijra kaipanga mwaka kwa mwaka. Tafsiri yake ya Kiingereza imejaza juzuu 40, fahirisi ikiwemo. Na hiyo ni iliyofupishwa! Al-Khatib al-Baghdadi, aliyefariki mwaka 1071, kapokea kwamba Tabari aliwauliza wanafunzi wake kama wana nguvu ya kuandika tafsiri ya Qurani. Wakamuuliza ni karatasi ngapi. Akajibu 30,000. Wakasema, umri utakwisha kabla hatujaimaliza. Akaifupisha hadi kama 3,000. Kisha akawauliza habari ya historia, wakajibu vilevile, na hapo akasema: Inna lillahi, himma za watu zimekufa. Akaifupisha nayo.

Sasa tuje kwenye dibaji, kwa sababu jibu la ugomvi wa kundi letu liko pale. Tabari anamwambia msomaji, kwa maana yake: ukikuta humu habari itakayokuchukiza, kwa kuwa huioni njia ya kuwa kweli, basi jua kwamba haikutoka kwetu. Imetoka kwa baadhi ya waliotufikishia, nasi tumeifikisha kama tulivyofikishiwa.

Isomeni tena polepole. Mtu kaliweka tangazo hilo mlangoni kabla hajafungua kitabu chake, na zaidi ya miaka 1,100 baadaye sisi tunapita mlangoni bila kusoma, tunaingia ndani na kubeba tunachokitaka.

Marehemu mwalimu wangu wa chuoni alikuwa na tabia moja. Ukimletea habari yoyote, hata ya mtaani, hata ya bei ya samaki, hakukuuliza kama ni kweli. Alikuuliza, "Umeipokea kwa nani?" Ukitaja jina, anauliza, "Naye kapokea kwa nani?" Tukiwa watoto tuliona anatuchosha. Nilipoanza kumsoma Tabari ukubwani ndipo nikaelewa alikuwa anatulea katika nini.

Tabari karibu kila habari anaifungua kwa sanadi, mlolongo wa wapokezi. Na matamko ya mlolongo huo yana maana yake. "Haddathani" maana yake kanihadithia, yaani nilikaa mbele yake nikasikia kwa masikio yangu. Sisi Waswahili hata kitenzi hicho tunacho. Lakini kuna mahali, hasa kwenye habari za vita vya kuritadi (vya makabila yaliyoasi baada ya kufariki Mtume) na ufunguzi wa Iraq, utakutana na tamko jingine linalojirudia mno: "Kaniandikia al-Sari, kutoka kwa Shuayb, kutoka kwa Sayf." Hapo hakusikia. Kaletewa maandishi. Tabari angeweza kuandika "kasema Sayf" na kujiokolea wino, ila anataka ujue habari ilisafiri vipi hadi ikamfikia.

Na huyo Sayf bin Umar ni nani? Ni msimulizi wa mji wa Kufa, Iraq, wa karne ya 8, ambaye wanazuoni wa rijali, wale wanaochunguza hali za wapokezi, wamemhukumu kuwa dhaifu katika hadithi. Al-Waqidi, aliyefariki mwaka 823, naye wengi wao walimwacha katika hadithi, ingawa kwa habari za vita vya Mtume vitabu vyake vilitafutwa sana. Habari za Karbala, alipouawa Husayn mjukuu wa Mtume, mwaka 680, Tabari kazibeba kwa wingi kutoka kwa Abu Mikhnaf, mtu wa Kufa aliyefariki mwaka 774, na ukizisoma unausikia mji wa Kufa wenyewe unavyojilaumu kwa kumwita Husayn kisha kumwacha. Anayejua majina haya akiona mwanzo wa sanadi tu anajua yuko nyumba ya nani na apime vipi maneno. Asiyeyajua anaona maneno yote yana uzito mmoja, na yote anambandika Tabari.

Turudi kwenye mlango wetu wa mwanamume wa kwanza kusilimu. Kuhusu Bibi Khadija, al-Waqidi anasema wenzake wamekubaliana kwamba ndiye wa mwanzo kabisa kumwitikia Mtume. Khitilafu ni baada yake, juu ya watatu: Abubakar, Ali na Zayd. Tabari anaanza na riwaya za wanaosema Ali. Kisha anaandika "na wengine wakasema", anazileta za Abubakar, na humo ndimo imo ile ya al-Shabi kumuuliza Ibn Abbas, naye akamjibu kwa kumkumbusha mashairi ya Hassan bin Thabit, mshairi wa Mtume, yanayomsifu Abubakar. Lakini mara tu baada ya fungu hilo la Abubakar, chini ya wanaosema kuna waliomtangulia, kuna riwaya ya mtoto wa Saad bin Abi Waqqas aliyemuuliza baba yake: je, Abubakar ndiye aliyekuwa wa kwanza wenu kusilimu? Baba akajibu hapana, kabla yake walisilimu zaidi ya 50, lakini alikuwa mbora wetu kwa Uislamu wake.

Riwaya hii haimfai yeyote kati ya wale wagomvi wetu wawili, ndiyo maana hakuna aliyeipiga picha. Tabari kaiweka. Angekuwa wakili wa upande mmoja angeipitia mbali.

Naendelea, jana nilikatika na umeme.

Kuna mdau kanijibu hapa kwamba basi Tabari ni kama mfereji tu, maji yoyote yanapita, hana lake. Hapana mkuu, nami sitaki nieleweke hivyo. Mtu anayekusanya anachagua, na anayepanga anachagua. Nani aanze, nani amalizie, nani apewe kurasa 10 na nani mistari miwili, yote hayo ni uamuzi. Kuna na mahali anaufichua mkono wake waziwazi. Kwenye habari za kuuawa Sayyidna Uthman, zinazoangukia mwaka 35 wa Hijria, anasema al-Waqidi kaeleza mambo mengi ya sababu za watu kutoka Misri kuja Madina, mengine yameshatajwa, na mengine kaacha kuyataja kwa kuchukia ubaya wake. Maneno yake mwenyewe hayo, tena anakuambia alichokiacha kilikuwa kwa nani. Basi mnaposoma, tafuteni pale anaposema "kasema Abu Jaafar" kisha akapima riwaya na kupendelea moja. Hapo ndipo mna haki ya kusema Tabari kasema.

Nini hutokea sanadi zikikatwa? Tunaweza kuona kwa macho, kwa sababu zilikatwa. Mwaka 963, miaka 40 tu baada ya kifo chake, waziri wa Wasamani, watawala wa Asia ya Kati, huko Bukhara, Balami, kwa amri ya mfalme wake Mansur bin Nuh, aliigeuza Tarikh kwa Kiajemi. Akaondoa sanadi, akaondoa riwaya zinazorudia habari moja kwa njia nyingi, akatengeneza kisa kimoja kinachotiririka. Kinasomeka vizuri mno, na watu wakakipenda. Lakini pale Tabari alipokuachia wapokezi watatu wanaopingana, Balami kakuachia sauti moja iliyotulia, na huwezi tena kumuuliza umepokea kwa nani.

Ibn al-Athir wa Mosul (1160 hadi 1233) naye katika al-Kamil, kitabu chake cha historia, alifanya kazi inayofanana. Anaeleza kwamba kwa kila tukio kachukua riwaya iliyotimia zaidi kwa Tabari, akaichanganya na za wengine, ikawa habari moja. Ila anatoa tahadhari ambayo mimi huniingia moyoni: yale yaliyotokea baina ya Masahaba hakuyaongezea kitu juu ya alichopokea Abu Jaafar, isipokuwa ufafanuzi au jina la mtu. Alijua anakanyaga wapi.

Na kwa kuwa nimemtaja, msimchukulie kuwa mfupishaji tu. Anapofika mwaka 617 wa Hijria, Wamongolia walipoingia nchi za Kiislamu, anakiri kwamba alikaa miaka akiisogelea habari hiyo na kurudi nyuma. Nani ataona wepesi kuandika tanzia ya Uislamu na Waislamu? Laiti mama yangu asingenizaa, anasema. Nimesoma wanahistoria wengi. Wachache wanaokuonyesha kalamu ikiwatetemeka mkononi.

Mwingine kauliza habari ya Ibn Khaldun, kwamba si ndiye aliyewaumbua hawa wote? Kwa ufupi, maana yeye anastahili uzi wake. Kazaliwa Tunis 1332, kafariki Cairo 1406, Muqaddima, utangulizi wa kitabu chake cha historia, kaiandika mwaka 1377 akiwa amejitenga katika ngome ya Ibn Salama, Algeria ya leo, na mwenyewe anasema ilimchukua miezi mitano. Hoja yake ni kwamba katika habari za matukio, kabla ya kuchunguza uadilifu wa mpokezi, pima kwanza kama jambo lenyewe linawezekana. Mfano wake maarufu ni wa al-Masudi na wengine waliopokea kwamba Nabii Musa alipowahesabu Wana wa Israil jangwani, wenye uwezo wa kubeba silaha walikuwa 600,000 au zaidi. Ibn Khaldun anauliza: jeshi hilo litapangwa uwanja gani? Safu ya huku itajuaje yaliyoipata safu ya kule? Halafu anahesabu vizazi: kati ya Nabii Yaqub, aliyeingia Misri na watu 70, hadi Musa ni mababa wanne. Watu 70 watazaanaje kufika huko? Ni hoja nzito. Ila kwa maoni yangu haimwangushi Tabari. Ibn Khaldun aliweza kupima kwa sababu waliomtangulia walimwachia vitu vya kupima.

Swali la pwani yetu.

Wadau watatu wameuliza kama hawa waandishi walitujua sisi. Walitujua, na mmoja alikuja.

Huyo ni al-Masudi, mzaliwa wa Baghdad, kafariki Fustat, Misri, mwaka 956. Yeye hakuwa mtu wa sanadi. Alikuwa mtu wa kwenda kuona, ingawa Tarikh ya Tabari aliisifu mno katika dibaji yake. Anaeleza kwamba safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917. Wataalamu wengi wanakiona Qanbalu kuwa ni Pemba. Anasema kapanda bahari nyingi, ikiwemo ya China, ya Rum (Mediterania), ya Khazar (Kaspi) na ya Yemen, na hakuona yenye hatari kuliko bahari ya Zanj, jina walilowaita watu weusi wa pwani yetu, mawimbi kama milima. Wenye chombo, ndugu wawili wa Siraf, bandari ya Uajemi, anawataja kwa majina, na anaongeza kwamba baadaye walizama bahari hiyohiyo pamoja na waliokuwa nao. Anaeleza pembe za ndovu zinavyotoka kwetu kwenda Oman, na kutoka Oman kwenda India na China.

Sasa angalieni hili kwa karibu. Anasema mfalme wa Zanj anaitwa kwa cheo ambacho nakala zinakiandika "waqlimi". Herufi fa ina nukta moja juu, qaf ina mbili. Punguza nukta moja, unasoma "waflimi". Wataalamu wengi wameona hapo neno letu: wafalme. Nilipolisoma mara ya kwanza nililifunika kabisa kitabu nikanyamaza. Mtu wa Baghdad kaandika neno la Kiswahili zaidi ya miaka 1,000 nyuma, na mnakili mmoja, labda usiku, taa ikififia, kadondosha nukta ya ziada. Mpokezi ni yule aliyesikia, na ni yule aliyenakili pia.

Na Tabari? Yeye pwani hakufika. Lakini ndiye aliyetuachia habari ndefu kuliko zote za vita vya Zanj, uasi wa watumwa kule Iraq ya kusini, kuanzia Septemba 869 hadi Agosti 883. Alikuwa hai, mtu wa miaka 30 hadi 44, akikaa Baghdad, na Basra iliyoingiwa na kuteketezwa mwaka 871 ulikuwa mji aliosomea ujanani.

Watumwa wale walikuwa wakifanyishwa kazi ya kukwangua tabaka la udongo wa chumvi kwenye mabonde ya chini ya Basra, ili ardhi ilimike. Walio juu yao waliitwa Shurajiyyin. Si wote waliotoka pwani yetu. Tabari mwenyewe anataja makundi mengine, Wanubi wakiwemo. Aliyewaongoza, Ali bin Muhammad, hakuwa mtumwa; alikuwa mtu wa upande wa Rayy aliyedai nasaba ya Sayyidna Ali. Aliwaahidi kuwafanya wakubwa na wenye mali, akawaapia kwamba hatawasaliti. Mabwana walipomjia na kumwahidi dinari tano kwa kila kichwa ili awarudishe, aliwaamuru watumwa wawachape mabwana zao kwa makuti ya mtende. Siku ya Idi aliwasalisha, akahutubu, kisha akawaamuru waliofahamu wawafahamishe wenzao wasiojua Kiarabu.

Tabari si rafiki wa harakati hii. Kiongozi wake anamwita "habithi", "haini", "adui wa Mungu". Anayesoma harakaharaka ataona ni maandishi ya serikali ya Abbasi tu, afunge kitabu. Lakini fuateni sanadi. Sehemu kubwa ya habari hizo kaichukua kwa Muhammad bin al-Hasan, mtu aliyekuwa ndani ya kambi ya Zanj kabla ya kupata amani, yaani ahadi ya usalama, kwa Muwaffaq, kaka wa khalifa na mkuu wa vita. Maana yake chini ya matusi ya Baghdad kuna macho yaliyokuwa upande wa pili.

Na kuna zaidi. Mwanzoni mwa habari za Zanj, katika mwaka 255 wa Hijria, Tabari anampa nafasi mtu anayeitwa Rayhan bin Salih, mmoja wa watumwa wa Shurajiyyin, wa kwanza wao kujiunga. Baadaye naye aliomba amani, na huenda hiyo ndiyo njia iliyofikisha maneno yake. Hapo Rayhan anaongea kwa kauli yake mwenyewe. Alikamatwa njiani akapelekwa kwa Ali bin Muhammad, akaulizwa habari za Basra, kisha akaulizwa kuhusu wenzake: kila mmoja anapata unga kiasi gani, sawiki (unga wa nafaka iliyokaangwa) kiasi gani, tende kiasi gani, na wangapi ni huru, wangapi watumwa.

Waliouliza nianzie wapi kumsoma Tabari: anzieni hapo, mwaka 255. Mtapishana na "imetajwa kutoka kwa Rayhan bin Salih kwamba alisema", jina ambalo mfupishaji yeyote angelifuta kwanza, kisha mtayakuta maneno yake: nilikuwa nimewakilishwa juu ya vijana wa bwana wangu, nikiwapelekea unga kutoka Basra.